Matawi ya Kanaba

Tulitoka Kabale saba, alfajiri haijanawa uso.
Kyarisiima alihesabu vichwa kama mwalimu wa zamu,
Owoyesigire akalipiga pampu gurudumu lisilohitaji pumzi,
nami nikavaa mifuko ya plastiki juu ya soksi
nikajiona mjanja.

Hadi Muko tulikuwa tukipiga soga.
Mvua ilianza kwa adabu, ikibisha hodi kwenye kofia,
kisha ikaingia bila kukaribishwa,
ikateremka mgongoni, ikajaa viatuni,
mpaka kila mzunguko wa pedali
ukawa kama kukamua nguo.

Wahenga walisema milima haikutani.
Hawakupita Kanaba mwezi wa Aprili.
Pale ukungu ulikuwa umeisukuma yote pamoja,
kilima kimeegemea kilima,
nasi katikati, siafu waliopoteza foleni.

Hatukuonana. Tuliitana.
"Sabiiti!"
"Nipo!"
"Turyasingura!"
"Nipo, mnyororo umechomoka!"
"Nshemereirwe!"
"Usiniulize kitu!"
"Bendikito!"

Kimya.
Kengele yake tu, ngri, ngri,
mara nyuma, mara mbele,
mwangwi ukituchezea kama mtoto aliyejificha.
Tulimkuta ameketi kwenye jiwe la ukingoni
analia kwa hasira, kiganjani mpira wa breki
uliolika hadi chuma.
"Mlisema ni matembezi," alisema.

Hakuna aliyejibu. Mvua ya mawe ilijibu,
ikitugonga kofia kwa pamoja
kama watu wanaopepeta maharage.
Mbele yetu barabara iliinama
ikazama kwenye weupe.
Breki zangu nilizijaribu: zikapiga mluzi.
Za Sabiiti hata mluzi hazikuwa nao.

Ndipo akatokea kijana, ukungu umemtema.
Kandambili. Gunia la plastiki kichwani kama joho.
Baiskeli nyeusi ya chuma, magunia mawili ya viazi,
breki hata moja hana,
ila nyuma amefunga tawi la mkaratusi, majani na yote,
linaburuta lami, shaaa.

Akatutazama: miwani, glavu, gia ishirini na moja.
Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Bunagana,
kinachojua bei kuliko salamu.
"Mnangoja nini?"
"Breki," alisema Kyarisiima,
mhasibu wa benki, meno yakigongana.
Kijana akachomoa panga katikati ya viazi,
akapanda kingo, akapotea.
Tukasikia miti ikikatwa bila kuiona.

Hivyo tukashuka Kanaba tukiwa na mikia.
Saba, nyuma ya mmoja, tukiufagia mlima,
shaaa, shaaa, kona baada ya kona,
harufu ya mkaratusi ikipanda puani
kama dawa ya kifua ya bibi yangu.
Bendikito alianza kucheka kwenye kona ya tatu.
Kufikia ya sita alikuwa akiimba
wimbo wa kanisani, maneno kayakosea yote.

Penye njia panda kijana alikata kushoto.
Hakuaga. Jina hatukumwuliza,
na hilo linanikera hadi leo
kuliko goti langu.

Kisoro tulikula maharage tumejifunga mashuka,
soksi zetu zikitoa mvuke juu ya mekoni.
Mwenye nyumba alituonyesha dirisha:
pale, alisema, ndipo anaposimama Muhabura,
na jina lake maana yake ni mwenye kuongoza njia.
Tuliona glasi, na nyuma ya glasi maji.
Siku mbili tulikaa, mlima haukutoka.

Tawi langu nililiegemeza mlangoni usiku ule,
limebaki fimbo na majani manne.
Asubuhi sikulikuta.
Chai ililetwa, ina moshi kidogo,
na Nshemereirwe, aliyekuwa hajasema neno tangu Muko,
akanusa kikombe chake, akanitazama,
akaomba kingine.